Mkalimani wa Mama

Kilichoanza ni kidole gumba. Kimya alikuwa akimfuta mama yake mkono wa kushoto kwa kitambaa, akaona kidole gumba cha mama kinapanda juu ya kiganja chake, kinatulia, kisha kinabonya. Kidogo tu, kama mtu anayejaribu parachichi sokoni. Alidhani ni mishipa inajishtukia yenyewe. Akaendelea kufuta. Kidole kikabonya tena, safari hii kwa nguvu zaidi, na Kimya akaachia kitambaa kikazama ndani ya beseni.

Uso wa mama ulikuwa vile vile tangu siku tisa zilizopita: upande mmoja umelegea kama nguo iliyoteleza kwenye kamba, jicho moja nusu wazi, mdomo umevutwa pembeni. Daktari alikuwa amesema ni kiharusi, akasema pia kwamba wamrudishe nyumbani wakae naye. Hakuongeza neno, na hakuna aliyetaka aongeze. Tangu hapo watu waliingia chumbani wakazungumza juu ya mama kana kwamba wanazungumza juu ya kabati.

"Mama," Kimya alinong'ona, "maji ni ya moto?"

Kidole kilibonya mara mbili.

"Ni ya baridi?"

Mara moja.

Aliingiza mkono ndani ya beseni, na kweli, maji yalikuwa yamepoa kitambo. Alikwenda jikoni kuongeza ya moto, akarudi mbio, akamwaga nusu yake sakafuni. Kabla jua halijafika dirishani walikuwa wamekwishaelewana, yeye na mama yake: mara moja ndiyo, mara mbili hapana.

Mtu mwingine angetoka mbio akaita mtaa mzima. Kimya alikaa na siri hiyo siku mbili. Hilo jina alipewa na majirani tangu utoto, wala halikumkera. Alikuwa mtu wa kujibu kwa kichwa. Shule aliiacha darasa la tano, baada ya mwalimu kumsimamisha asome kwa sauti mbele ya wenzake, sauti ikagoma kutoka, na mwalimu akadhani ni kiburi. Aliporudi nyumbani na alama za fimbo miguuni, mama hakumwuliza kitu. Alimpa chupa ya plastiki yenye kifuniko kilichotobolewa matundu, akamwonyesha jinsi ya kunyunyizia nguo maji kabla ya pasi. Tangu siku ile wakawa wawili mezani. Pasi haimwulizi mtu swali.

Mama alikuwa dobi, na sifa yake ilikuwa kunyoosha nguo za ibada. Kanzu nyeupe za Padri zilikuja kwake kila Alhamisi, na majoho ya zambarau ya kwaya ya Waprotestanti yalikuja kila Ijumaa. Za Padri zilikaa kulia mwa meza, za kwaya kushoto, na mama hakuruhusu hata leso ivuke katikati. Mara moja tu vifurushi vilipishana. Padri akafungua chake dakika tano kabla ya Misa, akakuta joho la msichana wa sauti ya kwanza, lenye kola ya maua. Baba alicheka wiki nzima. Alikuwa akisema kwamba nyumba yake ina makanisa mawili na choo kimoja, na kwamba foleni ya choo ndiyo inayowafundisha watu wake unyenyekevu.

Baba alikuwa mzee wa kanisa upande wa Waprotestanti, mama Mkatoliki. Walipooana walipatana kama watu wanaogawana shamba: mtoto wa kwanza wa mama, wa pili wa baba. Ndivyo Kaka, fundi viatu, alivyokua akawa katekista, na Dada, msusi, akawa kiongozi wa maombi ya akina mama kule kwa baba. Kimya alikuja wakati wazazi wamekwishachoka kugawana. Alibatizwa kwa mama, akaimba shule ya Jumapili kwa baba, na baada ya hapo hakuna upande uliomkumbuka sana.

Baba alipofariki, miaka saba nyuma, utani ulizikwa naye. Siku ya mazishi Kaka alisimama nje ya lango la kanisa ibada nzima, kofia mkononi, juani, kwa sababu mzee aliyemfundisha ukatekista alimwambia kuingia mle ni dhambi. Jioni mama alimwuliza bila kuzunguka: baba yako yuko wapi sasa? Kaka alijibandua gundi iliyokauka kwenye kucha, akasema tumwachie Mungu, Mama, lakini Kanisa ni moja tu. Mama aliinuka. Aliwasha pasi, siku ya msiba, akaanza kunyoosha mashati ambayo hakuna mtu aliyeyahitaji. Dada naye, aliposikia, alilipiza kwa upande wake. Kila alipokuja kumtembelea mama alimwambia kwamba baba yuko salama kwa sababu aliamini, lakini rozari haijamwokoa mtu, na mama ajiangalie. Mama alimsikiliza huku akipuliza majivu ya pasi, akamwuliza kama watoto wamekula.

Siku ya tatu ya kidole gumba, Dada alikuja na chanuo na mafuta amchane mama nywele. Kimya alijisahau. Alishika mkono wa mama, akauliza chini kwa chini kama chanuo linaumiza, akangoja, akasema, "Punguza kidogo, linamvuta."

Chanuo likasimama. Dada alimtazama mdogo wake kwa muda, kisha akaanza kumhoji kama askari. Kimya alieleza kila kitu akiangalia sakafu. Dada hakuamini mpaka alipomjaribu mama kwa mambo matatu wanayoyajua yeye na mama tu, na yote mama aliyajibu sawa. Kisha Dada akataka aushike mkono mwenyewe. Hakusikia kitu. Kidole kilikuwa dhaifu, kilibonya kama pumzi inavyogusa kioo, na Dada aliyezoea kuvuta nywele za watu kwa nguvu alihisi mtetemeko tu. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kimya alikuwa ameushika mkono ule miaka kumi, wakikunja mashuka pamoja, huku na kule, bila kusema.

Dada alikwenda akafunga mlango. Alikuwa mwanamke wa sauti. Saluni yake ilisikika kicheko kabla haijaonekana kibao. Lakini alipogeuka, sauti yake ilikuwa imepungua hata Kimya akaogopa.

"Mungu kamwachia mkono mmoja kwa sababu, mdogo wangu. Niulizie swali moja tu."

Akaeleza, haraka haraka, kwamba tangu mama aanguke hajapata usingizi. Kwamba mchana anasuka watu anawachekesha, lakini akipita karibu na jiko la mkaa, miguu inakataa. Anaona makaa mekundu, na anajua ni nani anayemwona ndani yake. Kumi na sita wamempokea Mwokozi kupitia maombi yake, wengine wageni kabisa, na mama yake mzazi anakwenda hivi hivi, na shanga shingoni.

Alipiga magoti kando ya kitanda, akaweka mdomo karibu na sikio la mama. "Mama, unampokea Yesu awe Mwokozi wako, na kuziacha rozari na sanamu na yote uliyoyategemea?"

Kimya alihisi kidole. Mara moja. Kisha, baada ya kitambo ambacho kingetosha kukunja shati, mara ya pili.

"Kasema nini?"

Kimya aliinua macho. Dada alikuwa amemkazia yake, na midomo yake ilikuwa imekauka ikapasuka, na mafuta ya nywele yalikuwa yakimchuruzika kwenye vidole bila yeye kujua. Kimya hakuwahi kusema uongo mkubwa, kwa sababu mtu asiyesema hana pa kuuweka. Alifungua mdomo, na neno likatoka lenyewe.

"Ndiyo."

Dada alilia mpaka akalala juu ya miguu ya mama. Kimya aliendelea kushika mkono. Kidole kilibonya mara mbili, kikabonya tena mara mbili, na yeye akakaa kama aliyemwagiwa maji, akisema moyoni, nimesikia, Mama, nimesikia.

Habari hizo zilifika kibandani kwa Kaka kabla ya saa kumi. Mteja alimpa kiatu cha kushonwa soli, akampa na pongezi: nasikia mama ameokoka. Kaka alikuja na aproni yake, sindano ya viatu bado imechomekwa kifuani. Kimya alijiandaa kwa kelele. Kelele hazikuja. Kaka aliketi kwenye kiti cha kando, akaongea kwa sauti ya mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala.

"Mtu aliyezaliwa nje, hilo ni la Mungu, sitii mkono. Lakini mtu aliyekuwa ndani maisha yake yote, akatoka saa ya mwisho kwa hiari yake. Huyo anakwenda wapi, mdogo wangu? Nimefundisha watoto miaka kumi na moja jibu la swali hilo. Sikujua nalifundisha juu ya mama."

Kaka aliunyooshea kidole mkono wa kushoto wa mama.

"Muulize. Muulize kama ameliacha Kanisa."

Aliuliza. Kidole kilibonya mara mbili, upesi, bila kungoja. Kimya alisema hapana, na hilo lilikuwa kweli, lakini halikumpa nafuu. Kaka alishusha pumzi, kisha akamtazama upande upande.

"Basi ile ndiyo ya asubuhi alimwambia nani?"

Kimya aliinama akaanza kukunja taulo lililokuwa limekwishakunjwa. Kaka alisimama, akasema anakwenda kumwita Padri, kesho asubuhi, na mpaka hapo asiingie mtu na maswali.

Kufikia jioni mtaa ulikuwa umegawanyika kama wakati wa fainali. Bombani wanawake waliuliza ni jibu gani la kuaminiwa, la asubuhi au la saa kumi. Wengine walisema mama ameokoka ila anamwogopa mwanawe wa kiume. Wengine wakasema si mama anayeongea, ni huyo binti, na mmoja akadai kwamba bubu akipata redio hataizima tena. Walicheka. Walipomwona Kimya na ndoo yake walinyamaza wote kwa pamoja, wakampisha mbele ya foleni, na kupishwa kule kulimtisha kuliko kicheko.

Padri alikuja saa tatu asubuhi kwa pikipiki, kijana mwenye macho ya mtu aliyekesha. Aliwatoa watu wote chumbani, kisha akamshika Kimya bega kabla hajavuka mlango.

"Wewe baki. Mimi sijui kuusoma mkono wake. Lakini sikiliza vizuri. Mtu akiungama kwa mkalimani, mkalimani anafungwa na siri kama mimi ninavyofungwa. Utakayoyapata hapa humwambii mtu, awe kaka, awe dada, awe nani. Umeelewa?"

Kimya aliitikia kwa kichwa. Alitamani kusema kwamba Padri amekosea mtu, amejichagulia mkalimani mwongo. Badala yake akarudi kitandani, akaushika mkono wa mama.

Yaliyoulizwa na kujibiwa mwanzo ni siri, na Kimya hajamwambia mtu mpaka leo. Yalikwenda vizuri. Padri alisali, akanyoosha mkono juu ya kichwa cha mama, na uso wake mwenyewe ukalegea kidogo. Kisha akatoa kichupa cha mafuta, akauliza kama anakiri imani ya Kanisa moja, swali ambalo bila shaka alikuwa ameliuliza vitanda mia, akijua jibu. Kidole kikabonya mara mbili, jibu ambalo hakulitazamia mtu yeyote.

Padri alingoja. Nje, mtu alikohoa. Kimya alijaribu kusema na sauti ikagoma, vile vile kama darasani, kitabu wazi mbele yake na herufi zote anazijua. Mwishowe Padri alihema, akasema kwa upole kwamba mgonjwa akishindwa kujibu, Kanisa linamchukulia kwa jinsi alivyoishi. Akampaka mama mafuta kwenye paji la uso, akampaka na viganja. Kiganja cha kushoto kilitaka kujifunga. Padri alikifungua taratibu, kama anavyofunguliwa mtoto mkono.

Pikipiki ilipoondoka, Kimya alipiga hesabu ya hali yake. Amemdanganya Dada kwa mdomo. Amemdanganya Padri kwa kunyamaza. Kama Dada yuko sahihi, mama hajaokoka, na yeye ndiye amemzuia Dada asiulize tena. Kama Kaka yuko sahihi, hajui mafuta yaliyopakwa juu ya neno lile yanafaa nini. Upande wowote mama aliotegemea, Kimya ndiye aliyeutoboa. Alikaa jikoni, mgongo ukutani, na makaa yakawaka mpaka yakawa majivu bila kitu juu yake.

Kisha alibeba beseni akarudi chumbani, kwa sababu ilikuwa saa ya kumfuta mama na hakuna mwingine wa kumfuta. Alifunga mlango. Alianza kuuliza, swali moja baada ya jingine, kama mtu anayepapasa gizani akitafuta kitasa.

Unaumwa? Hapana. Una hasira na mimi? Kidole kilikaa kidogo. Hapana. Humtaki Yesu? Mara mbili, kwa nguvu, karibu kumfinya. Humtaki Padri? Hapana. Kimya alifuta mkono, akafuta shingo, akafikiri. Ni juu ya baba?

Ndiyo.

"Unaogopa hutamkuta?"

Ndiyo. Lakini kidole hakikuondoka, kilibaki pale pale, na Kimya akajua kwamba hajafika mwisho. Akauliza kama ni baba peke yake. Hapana. Ni bibi, mama yake mama, aliyezikwa na rozari mkononi? Ndiyo. Na mwingine? Ndiyo. Kimya alianza kutaja majirani, mashangazi, marehemu wote aliowakumbuka, na kwa wote kidole kilikataa, mpaka akaacha kutaja waliokufa.

"Ni Kaka?"

Ndiyo.

"Ni Dada?"

Ndiyo.

Akakaa na kitambaa mkononi, maji yakimdondokea magotini. Alikuwa ameelewa, lakini ilimbidi aulize, kwa sababu mkalimani hakisii.

"Mama. Unaona ukimkubalia Dada, umekubali kwamba Kaka amepotea, na Bibi pamoja naye. Na ukimkubalia Kaka, umekubali kwamba Dada amepotea, na Baba pamoja naye. Ndiyo maana unakataa wote?"

Kidole kilibonya, hakikuachia. Kilibonya mpaka ukucha ukaacha alama ya mwezi mdogo kwenye ngozi, na jicho lile lililo wazi likajaa maji, yakashuka upande mmoja.

Kimya hakujua la kufanya na jambo kubwa kiasi kile. Alimbusu mama kwenye kiganja, kikanukia mafuta ya Padri. Alisema moyoni kwamba atawaita ndugu zake kesho, akishapata maneno. Maneno siku zote aliyapata kesho.

Lakini saa nane mchana huo Dada aliingia na kanga mpya ya kumfunika mama, kwa sababu Jumapili kwaya ingekuja kumwimbia, kama ilivyo kwa kila aliyeokoka. Aliinama kumbusu, akaona paji la uso linang'aa. Alinusa. Alichukua taulo, akaanza kufuta.

Kaka alikuwa ametoka kumsindikiza mgeni aliyekuja kumjulia mama hali, akakutana na hilo mlangoni. Alivuka chumba kwa hatua mbili, akamshika Dada kifundo cha mkono, juu ya uso wa mama, na wakabaki hivyo, taulo likining'inia.

"Usiguse," alisema Kaka.

"Amekwishampokea Bwana, hahitaji mafuta yenu ya kukaangia."

"Mama hakutoka popote. Ameulizwa."

"Ameulizwa na mimi kwanza."

Ndipo yote yalipotoka, ya miaka saba. Dada alimkumbusha lango la kanisa na kofia mkononi, alivyomwachia baba yake azikwe kama mgeni. Kaka alisema alisimama pale akilia, kama Dada angegeuka angemwona. Dada alisema mama atalazwa kando ya mumewe. Kaka alisema mama atalazwa kando ya mama yake, kwenye makaburi ya parokia, na Padri ameshakubali. Walikuwa wakigawana mwili ambao bado una joto. Walipofika kwenye watoto, nani anawafundisha watoto wa nani kwamba mjomba ataungua, nani anawaambia shangazi yao ni mpotevu, Kimya alisikia kitu ambacho wao hawakukisikia.

Pumzi ya mama ilikuwa imebadilika. Iliingia na mkoromo, ikatoka, kisha haikuja. Kimya alihesabu moja mpaka saba. Ikaja. Akahesabu tena: tisa.

Alishika mkono wa kushoto. Kidole kilikuwepo, lakini kilikuwa chepesi sasa, na hakikujibu kitu, kiliomba tu.

"Nilikudanganya, Dada," alisema.

Hawakumsikia. Alirudia, kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake, na wote wawili wakageuka.

"Nilikudanganya. Ulipomwuliza, mama alisema hapana. Mimi ndiye niliyesema ndiyo, kwa sababu uso wako ulinitisha."

Taulo lilianguka. Dada alirudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia, akateleza akakaa sakafuni, mkono mdomoni. Juu ya uso wa Kaka kilipita kitu kama shukrani, na Kimya alikiona.

"Na wewe usifurahi. Ya Padri nimefungwa, siyasemi. Lakini mchana huu mama kaniambia mimi, na hili halina siri." Aliufunika mkono wa mama kwa mkono wake wa pili. "Hawezi kumkubalia yeyote kati yenu. Akimkubalia mmoja amemhukumu mwingine. Haogopi moto wake mwenyewe. Anawaogopea ninyi. Dada, akikufuata wewe, anamwacha Kaka nje. Kaka, akikufuata wewe, anamwacha Dada nje, na Baba tayari yuko huko. Ndilo linalomkaa kifuani siku zote hizi, na ninyi mnamwuliza na kumwuliza."

Pumzi ilikatika. Kimya alihesabu hadi kumi na mbili kabla haijarudi.

"Anasikia. Mwambieni kitu. Kaka, mwambie Dada yuko upande gani."

Kaka alifungua mdomo. Watoto wa katekisimu walimwogopa kwa jinsi alivyojibu bila kutazama kitabu. Alimtazama dada yake pale sakafuni, kandambili moja imemvuka, na midomo yake ikatikisika, lakini hakikutoka kitu. Kimya aliona wazi kwamba haikuwa chuki. Alikuwa anaogopa. Aliogopa kusema jambo ambalo hakuruhusiwa kulijua.

"Dada?"

Dada alitikisa kichwa polepole, machozi yakimchuruzika juu ya vidole. "Nikisema uongo mbele ya mtu anayekufa," alinong'ona, "si ndiyo nitakuwa nimempoteza mimi?"

Kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake aanze. Jicho la mama lilitoka kwa mmoja, likaenda kwa mwingine, taratibu, kama linabeba mzigo, kisha likaja kwa Kimya, likabaki hapo. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza yeye. Katika mabishano yote ya nyumba ile, tangu ya kugombea sahani utotoni mpaka leo, wala baba, wala mama, wala Padri, wala wanawake wa bombani, hakuna aliyegeuka akasema, na wewe je. Naye jibu alikuwa nalo. Alikuwa nalo tangu siku ya mazishi ya baba, aliposimama katikati ya uwanja wa kanisa, mama yake ndani na kaka yake nje ya lango, asijue aende wapi. Alilificha kwa sababu lilikuwa baya, na alijua katika kanisa lolote lingehesabiwa kuwa kufuru. Alilala nalo miaka saba kama mtu anavyolala na nyoka chini ya kitanda, akiomba lisijigeuze.

Aliinamia sikio la mama, lakini hakunong'ona, kwa sababu alitaka wale wawili wasikie, na kama Mungu yuko karibu, asikie na yeye.

"Mama, mimi mlango wa kweli siujui. Lakini nikifika huko nikaona mmoja wenu hayumo, mimi nitatoka."